Gari la zamani linalogoma kuwaka siku moja moja: fuata dalili kabla hujanunua betri

Gari lililokufa kabisa lina nafuu. Fundi analikuta limekufa, anapima, anapata. Kazi ipo kwa hili linalogoma Jumatatu asubuhi, mchana linawaka kana kwamba halikuwa na kitu, wiki nzima linakwenda, halafu linakuumbua kwenye foleni ya sheli huku nyuma watu wanapiga honi. Ukilifikisha gereji linawaka kwa mkono wa kwanza. Fundi anakutazama, "Sasa tatizo liko wapi, bosi?" Mara nyingi safari hiyo inaishia kwenye betri mpya, maana betri ndicho kitu rahisi kuuza.

Ugonjwa wa namna hii hukamatwa gari likiwa limegoma. Zile dakika mbili tatu kabla hujaita vijana wa kusukuma ndizo zenye majibu yote, na watu wengi huzimaliza kwa kuzungusha ufunguo kwa hasira.

Hapa nazungumzia zaidi magari ya petroli ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, yale yaliyojaa barabarani kwetu: Corolla na Sprinter, Carina, Starlet, RAV4 za mwanzo, Mark II, Nissan Sunny, Honda Civic na CR-V. Dizeli nitazigusa kwa ufupi.

Swali la kwanza: stata inafanya nini?

Geuza ufunguo mpaka mwisho mara moja tu, redio na feni vikiwa vimezimwa, halafu sikiliza. Kuna majibu manne. Stata inazunguka kwa uvivu au inapiga tik-tik-tik mfululizo. Au inapiga "tak" moja nzito na kunyamaza. Au kimya kabisa, ingawa taa za dashibodi zipo. Au inazunguka vizuri kama siku zote lakini injini haishiki. Kila jibu lina njia yake, na ukichanganya njia utabadilisha spea nzima bila kupona.

Kabla hujafanya lolote, andika kwenye simu: injini ilikuwa ya moto au baridi? Mvua ilinyesha, au gari liliooshwa? Mafuta kwenye tenki yalikuwa kiasi gani? Nini kilifungwa hivi karibuni, redio, alamu, trakka? Ukiwa na rekodi ya kugoma mara tatu nne, mara nyingi chanzo chenyewe kinajitokeza kwenye karatasi.

Vifaa vya kubeba ni vichache: mita ya umeme ya bei ya kawaida, nyaya za kubusti zilizo nene kwelikweli, spana namba 10, na kipande cha msasa.

Inazunguka kwa uvivu, au tik-tik-tik huku taa zikififia

Umeme unaofika kwenye stata hautoshi. Hii ni dalili ya kawaida sana, na mara nyingi tiba yake haigharimu kitu.

Anza na vichwa vya betri. Shika kila kimoja kwa mkono ujaribu kukizungusha. Kikisogea hata kidogo, umepata mtuhumiwa wako wa kwanza. Angalia pia unga mweupe au wa kijani, na vile vipande vya bati ambavyo mafundi hupachika kati ya nguzo ya betri na kichwa kilicholegea ili kibane. Kipande hicho hugusa leo na kesho hakigusi, ndiyo maana gari nalo linawaka leo na kesho linagoma. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Osha kwa maji ya moto yenye magadi ya kupikia, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Kichwa kilichopasuka usikirekebishe, nunua kingine.

Ndipo uje kwenye betri. Ipime asubuhi kabla gari halijaguswa. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, kwenye 12.2 nusu, na chini ya 12 imelala. Lakini betri mbovu inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia na kuanguka vibaya ikipewa kazi, kwa hiyo acha mita imeshikwa hapo hapo huku mtu mwingine anapiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, na ilikuwa na chaji, betri imechoka. Joto la Pwani linaua betri mapema kuliko baridi ya Mbeya. Baridi huja tu kuonyesha kwamba betri ilishakufa. Tazama na saizi pia: mtu aliyekuuzia gari anaweza kuwa amepunguza gharama kwa kuweka NS40 kwenye gari lililotengenezewa NS60 au N50.

Kama betri na vichwa vyake ni vizima, hamia kwenye waya wa bodi. Hasi ya betri ina waya unaokwenda kwenye bodi na mwingine kwenye injini au gia boksi. Huo wa injini hukaa chini, unapigwa matope, unaliwa kwa ndani huku gamba la nje bado linapendeza. Kuna jaribio linalomaliza ubishi: gari likigoma, chukua waya mmoja wa kubusti, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Likizunguka kwa nguvu, badilisha waya wa bodi. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini wakati stata inapigwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotelea njiani. Upande wa chanya, kutoka betri hadi boliti kubwa ya stata, usivumilie zaidi ya 0.5.

Mwisho ni alteneta. Injini ikiwa imewaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi: tazama mkanda, kisha brashi za alteneta. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na itaichemsha betri. Usikubali kabisa kile kipimo cha mtaani cha kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama itazima. Voteji hupanda ghafla na inaweza kuondoka na dayodi za alteneta au kontrol boksi (kompyuta ya injini), na kontrol boksi bei yake si ya kucheza nayo.

Kuhusu kubusti: chanya kwa chanya, halafu hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche ya ncha ya mwisho ndiyo huiwasha. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayotoa harufu ya mayai viza usiibusti wala usiiinamie.

"Tak" moja nzito, kisha kimya, na taa hazififii

Hii naipenda, kwa sababu imewala watu pesa nyingi wakati dawa yake ni ndogo. Unageuza ufunguo: tak. Unarudia: tak. Mara ya sita au ya kumi linazunguka kwa nguvu zote kama halijawahi kuumwa. Betri ni nzima, taa zinang'aa.

Kwenye stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi, ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya umeme ya stata) kuna kontakti mbili za shaba na kisahani cha shaba kinachokuja kuzigonga kila unapopiga stata. Kishindo unachokisikia ni kisahani kikifika. Tatizo ni kwamba kimefika hakijagusa. Ukifungua kile kifuniko cha duara chenye boliti tatu utaona mwenyewe: kontakti ya upande wa waya wa betri imelika, unene umebaki nusu au pungufu, uso una mashimo meusi, na mwenzake wa pili bado ana kona zake. Kwenye kisahani kuna alama ya kuungua yenye umbo la mwezi mchanga. Kisahani huzunguka kidogo kidogo kadiri gari linavyotumika, kwa hiyo siku kikitua mahali pazima stata inazunguka, kikitua mahali palipolika inagoma. Ndiyo siri ya "leo linawaka, kesho haliwaki."

Kontakti hizo huuzwa peke yake. Kwa Dar ulizia Gerezani, Kariakoo. Nairobi ulizia Kirinyaga Road. Bei yake haikaribii bei ya stata nzima. Mwambie fundi umeme abadilishe zote mbili pamoja na kisahani, na aangalie brashi akiwa humo humo.

Brashi ndiyo sababu ya pili. Zikiisha, stata inaweza kuamka ukiigonga mwili wake kiasi kwa mpini wa spana ya matairi huku mwenzio anageuza ufunguo. Ikiamka kwa kugongwa, umepata jibu, na pia umepata onyo: itakufikisha nyumbani, usiitegemee kwa safari ya Dodoma.

Sababu ya tatu ni umeme hafifu kwenye ule waya mdogo unaoiamuru stata. Pima pale penye soketi yake mtu akiwa ameshikilia ufunguo. Unataka voti zinazokaribia za betri. Ukikuta 7 au 8, stata haina kosa. Ruka uende dalili inayofuata.

Usiunganishe boliti za stata kwa bisibisi ili izunguke ukiwa umeingia chini ya gari. Gari likiwa kwenye gia litatembea juu yako, na ule moto wa bisibisi unachoma mkono. Kama huna jeki za kusimamia gari, jeki moja ya tairi si ruhusa ya kuingia uvunguni.

Kimya kabisa, taa zinawaka vizuri

Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Gari la automatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N ukanyage breki, ujaribu. Likiwaka kwenye N, au likiwaka ukiwa unaitikisatikisa gia, swichi ya pembeni ya gia boksi imechakaa au imehama. Mara nyingi inalegezwa, inasogezwa kidogo, inakazwa. Kwa gari la manyuo (gia za mkono), angalia kama lina swichi ya klachi. Si yote yanayo.

Halafu ije swichi yenyewe ya ufunguo. Nyuma ya silinda unayochomeka funguo kuna kipande cha plastiki chenye kontakti. Mtu mwenye tabia ya kuning'iniza funguo zote za nyumba, za duka na kopo la kufungulia soda hukichosha mapema. Dalili: ukiuzungusha ufunguo kwa kuubana upande fulani, linakubali. Wengine huona redio na taa za dashibodi zinapepesa ukiugusa ufunguo. Kipande hicho hubadilishwa bila kubadilisha funguo.

Rilei ya stata (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) iko kwenye boksi la fyuzi. Njia ya haraka ni kubadilishana na rilei nyingine ya aina ile ile, ya honi kwa mfano, ukihakikisha namba zilizoandikwa juu yake zinalingana.

Sasa, kuna sababu ambayo kwetu inastahili kupandishwa juu sana: alamu na swichi za siri. Gari la miaka 25 limepita mikononi mwa watu wanne watano, kila mmoja kafunga kizuizi chake cha wezi. Mwingine kakata waya wa stata, mwingine wa pampu, mwingine wa koili. Viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, na rilei ya bei rahisi imening'inia chini ya dashibodi. Siku ya joto selotepu inaachia, siku ya barabara mbovu waya unakaa vibaya. Inama na tochi chini ya usukani. Ukikuta kichaka cha nyaya zisizo na rangi za kiwandani, mwambie fundi aondoe vyote visivyotumika na arudishe nyaya za asili kwa kuziunga kwa risasi, siyo kuzisokota. Magari mengi "yaliyoshindikana" yameponea hapo.

Inazunguka vizuri lakini injini haishiki

Betri na stata waache. Injini inakosa moto (cheche za plagi), mafuta, au taarifa za sensa. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mpigo. Ipumzishe nusu dakika, vinginevyo utaunguza kilichokuwa kizima.

Wakati linazunguka, tazama mshale wa RPM. Kwenye magari mengi hupaswa kutikisika juu kidogo ya sifuri. Ukilala kama umekufa, kontrol boksi huenda haioni injini ikizunguka: shuku sensa ya kranki au, kwenye magari yenye distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), sensa iliyo ndani yake.

Likigoma likiwa la moto tu, yaani umeendesha, umesimama dukani robo saa, ukirudi halitaki, halafu baada ya saa moja linawaka lenyewe, basi kuna kifaa kinachopoteza fahamu kwa joto. Watatu wanaokamatwa zaidi ni ignaita au koili (vinavyotengeneza moto wa plagi), sensa ya kranki, na rilei ya pampu ya mafuta. Mwagia sensa maji ya baridi kidogo ya chupa, au weka kitambaa kilicholowa juu ya koili ya nje, ujaribu tena. Likishika hapo hapo, umemtaja mwizi kwa jina. Distributa usiimwagie maji.

Honda za miaka ya 1990 zina stori yao. Rilei kuu ya mafuta iko chini ya dashibodi, na gari likianikwa juani madirisha yamefungwa, rilei inagoma. Fungua madirisha, subiri kidogo, linawaka. Ukiitoa na kuifungua, tazama nyuma ya bodi yake kwa kioo cha kukuzia: kuzunguka miguu minene utaona duara jembamba kama unywele pale risasi ilipoachana na mguu. Fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri anaweza kuichomelea upya risasi hiyo.

Kuhusu pampu, wengi hufundishwa kufungua swichi (kugeuza ufunguo bila kupiga stata) na kusikiliza mlio wake kwenye kiti cha nyuma. Kwa Honda na Nissan ni sawa, utasikia "zzz" ya sekunde chache. Toyota nyingi za miaka hiyo hazifanyi hivyo. Pampu hupata umeme stata inapozunguka na injini inaposhika. Watu wamebadilisha pampu nzima kwa sababu ya ukimya ambao ndio desturi ya gari. Kwa Toyota, tafuta kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko, unganisha kwa kipande cha waya matundu ya FP na +B (mengine huandikwa B+), kisha fungua swichi. Pampu ikilia, pampu na waya wake ni vizima, sasa tazama rilei na amri inayokuja kwake. Isipolia, gonga chini ya tenki kwa ngumi. Ikiamka, brashi zake zimeisha. Soma michoro ya kifuniko mara mbili: ukiunganisha matundu mengine unaweza kuchoma kitu.

Pampu huzikwa mapema na tabia ya kutembea na taa ya mafuta imewaka, maana mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza. Na kama kugoma kumeanza baada ya kujaza sheli fulani au dumu la njiani, amini hisia zako. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini maji na uchafu wa tenki ni jambo jingine. Toa kidogo kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie. Maji yatakaa chini.

Likigoma baada ya mvua au kuoshwa, tazama upande wa moto wa plagi. Injini kama 4A, 5A na 7A zina mashimo marefu ya plagi, na vijana wa kuosha kwa mashine huyajaza maji. Chomoa waya za plagi moja moja, kausha shimo kwa hewa kabla ya kufungua plagi. Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inavuja. Usiku, fungua boneti mtu apige stata: ukiona cheche za buluu zikitembea juu ya nyaya, nyaya zimekwisha. Usiziguse zikiwa na moto, zinarusha.

Asubuhi tu linasumbua, linazunguka sana ndipo linashika? Presha ya mafuta imeshuka usiku kucha. Toyota inahitaji kuzungushwa kidogo ndiyo pampu ifanye kazi. Piga stata sekunde tatu, acha, piga tena. Likishika mara ya pili kila siku, valvu ya pampu haishikilii presha vizuri, au nozeli inavuja. Nozeli ikivuja utasikia harufu kali ya petroli: kanyaga mafuta mpaka chini, upige stata ukiwa umekanyaga. Magari mengi ya EFI (yanayopuliza mafuta kwa nozeli za umeme) hukata mafuta ukifanya hivyo na injini hujikausha.

Linashika na kuzima papo hapo

Kama linakaa hai kwa kukanyaga mafuta tu, sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) haiji: valvu ya sailensa imejaa masizi, isafishwe pamoja na throtobodi (mlango wa hewa ya injini). Sensa ya joto la maji ikidanganya, injini hupewa mafuta ya asubuhi wakati imeshapata moto, au kinyume chake. Likiwaka kwenye "start" na kuzima pale pale unapouachia ufunguo, rudi kwenye swichi ya ufunguo. Likizima baada ya sekunde moja mbili na taa ya ufunguo inapepesa, gari haliutambui ufunguo. Jaribu wa akiba, na utenge ule mwingine mbali.

Unalikuta limelala kila baada ya siku mbili

Betri nzima, alteneta nzima, bado linalala: kuna kinachonywa usiku. Zima kila kitu, funga milango, subiri kama nusu saa, kisha weka mita ya ampea kati ya hasi na waya wake. Zaidi ya miliampea 50 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Taa ya buti, redio iliyofungwa vibaya na trakka ndio wa kwanza kushtakiwa. Usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaiunguza.

Dizeli, kwa ufupi

Hilux na Hiace za 2L, 3L na 5L zikigoma asubuhi za Njombe, pima plagi za joto na rilei yake. Zikigoma baada ya kusimama muda mrefu popote, hewa imeingia kwenye mpira wa mafuta; bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Sauti ya "tak" ndogo kwenye pampu ya nozeli unapofungua swichi ikikosekana, solenoidi ya kukata mafuta haipati umeme.

Mahali pa kuacha mara moja

Stata ikizunguka ghafla kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo, usiendelee: mkanda wa taimingi huenda umekatika, na kwenye injini kadhaa kila mzunguko unapinda valvu. Umepita kwenye maji, Jangwani ya Dar siku ya mafuriko au mto wa barabarani, injini ikazima na sasa stata inagonga "tok" na kukwama? Maji yameingia silinda. Zitolewe plagi kwanza na gari livutwe. Ukilazimisha utapinda koneksheni rodi (mkono wa pistoni).

Harufu ya petroli bila kuiona inapotoka, waya unaotoa moshi, fyuzi inayokatika kila ukiibadilisha, au stata inayoendelea kuzunguka baada ya kuachia ufunguo: fungua hasi ya betri, usogee pembeni, uite fundi. Fyuzi kubwa zaidi au waya badala ya fyuzi ndiyo njia ya kuunguza gari. Na asije mtu akamimina petroli kwenye njia ya hewa ili "lishtuke". Uso umeungua kwa mtindo huo. Automatiki halisukumwi likawaka, kwa hiyo usichoshe watu.

Unapompelekea fundi

Mpe fundi umeme, siyo fundi wa injini, karatasi yako yenye tarehe, hali ya hewa, moto au baridi, na namba za mita. Kama linagoma likiwa la moto, lipeleke likiwa la moto na umwambie asubiri lipoe ndipo alipime tena. Kama ni la asubuhi, lilale gereji. Asibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua ni kipi kilikuwa kinaumwa. Vipuri vya zamani akurudishie wewe mwenyewe mkononi, na stata ikitolewa kwenda kufanyiwa kazi kwa mtu mwingine, ipake doa la rangi mahali pa kificho kabla haijaondoka, maana Denso ya asili hupendwa na wengi.